Saruji Haikarabati Nyumba ya Mawe

Nyumba yoyote ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ikitoka mikononi mwa mafundi, sifa yake ni moja: imekuwa kama mpya. Majirani wanapongeza, mwenye nyumba anafurahi. Mimi nasema hiyo si sifa hata kidogo. Nyumba ya mawe iliyofanywa mpya kwa saruji haijakarabatiwa, imetiwa maradhi.

Tazama ukuta wenyewe ulivyo. Ni mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa, na juu yake boriti za mikoko. Matumbawe yana vitundu. Hunyonya maji ya ardhini na ya mvua, pamoja na chumvi yake. Chokaa huyaachia maji hayo yatoke nje kama mvuke, ukuta ukakauka. Saruji huyazuia. Yakikosa pa kutokea, hupanda juu, hulainisha udongo ulio ndani ya ukuta na kuozesha ncha za boriti zilizozama humo. Kwanza utaona weupe wa chumvi karibu na sakafu. Kisha rangi inavimba. Kisha plasta inabambuka vipande vipande na kung'oa uso wa jiwe. Mwenye nyumba anamwita fundi tena, naye anaongeza saruji.

Utaambiwa saruji ni ngumu kuliko chokaa. Kweli, na ugumu huo ndio unaoleta madhara. Ukuta wa zamani hutitia kidogo kidogo, na chokaa hufuatana nao. Saruji haikubali, basi hupasuka, na mvua hupenya kwenye nyufa isiweze kutoka. Waliojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kuanzia karne ya 11 walitumia matumbawe na chokaa, na kuta zao tunaziona hadi leo.

Wapo na wale wanaotaka kila jengo lirudi kama lilivyokuwa. Hao nawauliza: lilivyokuwa lini? Jumba la Beit al-Ajaib, humu humu Mji Mkongwe, lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash kwa ajili ya sherehe zake. Mnara wake wakati huo ulisimama peke yake mbele ya jumba. Mizinga ya Waingereza iliuharibu tarehe 27 Agosti 1896, na matengenezo yaliyofuata ndiyo yaliyoliunganisha jumba na mnara wa saa tunaoujua. Baadaye jumba likawa ofisi za serikali ya kikoloni, na miaka mingi baada ya Mapinduzi likawa makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake iliporomoka na kuua watu wawili. Anayetaka jumba la 1883 aseme wazi kwamba anataka mnara wa saa uondolewe. Hakuna mwaka mmoja wenye haki ya kuifuta mingine yote.

Kinachostahili kurejeshwa ni uwezo wa nyumba kufanya kazi yake: ukuta ukauke, paa lizuie mvua, boriti ibebe sakafu, watu wakae humo kwa amani. Sura ije mwisho.

Najua jibu la wenye nyumba. Chokaa inataka subira: ichomwe, ilowekwe, ipakwe tabaka kwa tabaka, na kila moja isubiriwe ikauke. Mafundi wanaoijua ni wachache, ilhali saruji iko duka la jirani. Malalamiko hayo ni ya haki, na mzigo wake si wa mwenye nyumba peke yake. Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa faida yetu sote. Basi serikali ihakikishe chokaa nzuri inapatikana kwa bei ya kawaida, na vijana wafunzwe kazi hiyo walipwe ujira wa maana. Na anayetoa kibali cha matengenezo, kabla ya kuuliza rangi ya ukuta, aulize utapigwa plasta ya nini. Akijibiwa saruji, asitie saini.