Barua kwa wazazi wa Uvira: huyo mtoto anayesomea ramani

Brussels

Baba, mama na ndugu zangu wa Uvira,

Kila mkinipigia simu mnauliza jambo moja: kijana anayesomea SIG, yaani mifumo ya taarifa za kijiografia, atakula nini? Udaktari mnauelewa, sheria pia. Ramani je? Mimi ndiyo inayonilisha huku, basi niwajibu wote kwa pamoja.

Somo hili linamfundisha mtoto uangalifu unaokera. Uvira iko karibu nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta na nyuzi 29.1 mashariki. Kwenye kompyuta, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Ukiisahau, mji mzima unaruka ikweta na kutua Haut-Uélé, kati ya Dungu na Watsa, na kompyuta inanyamaza tu. Anayelinusa kosa kama hilo hakosi kazi kwenye mashirika, ofisi za ardhi au miradi ya maji.

Anajifunza pia kuweka mambo mawili mahali pamoja na kuona yanavyohusiana. Sisi tunaoishi na kipindupindu tunao mfano wa nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha siku ambazo robine za REGIDESO, shirika la maji, zilikauka na idadi ya wagonjwa waliolazwa Uvira. Maji yakikatika, wagonjwa waliongezeka katika siku 12 zilizofuata, na zaidi katika kartie zilizozoea kutumia maji mengi ya bomba. Bila kujua mgonjwa anatoka kartie gani, jambo hilo la mwisho lisingeonekana.

Lakini ujuzi ninaouthamini kuliko wote hupatikana kwa miguu. Mnakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika ukazoa nyumba na watu. Mwanafunzi anayetaka kuchora maji yatapita wapi tena huanza na vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kutoka angani na Wamarekani Februari 2000, maana ni vya bure. Kila kipande cha vipimo hivyo ni mita 30 kwa 30. Kule kwenye kartie ya Kavimvira, kipande kimoja kinameza nyumba kadhaa na kuzipa zote kimo kimoja! Ziwa letu la Tanganyika likipanda, kama lilivyopanda miaka hii, nusu mita tu inatosha kutenganisha anayelala kitandani na anayehama. Kompyuta haiijui nusu mita hiyo. Anaijua mama ambaye ukuta wake bado una alama ya tope.

Dar es Salaam walilielewa hili. Mradi wa Ramani Huria, tangu 2015, uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu darasani, wakatembea mitaa ya mafuriko pamoja na wenyeji wanaoijua mifereji.

Kuna na ujuzi wa kunyamaza, ambao kwetu ni lazima. Katika vita, ramani inayoonyesha wakimbizi wamejificha wapi ni silaha. Mwalimu asiyefundisha hilo, mimi simwamini.

Basi kijana akibisha hodi na daftari lake, dada, usimwambie tu kwamba maji yalifika juu. Mpeleke ukutani apime. Shefu wa kartie amtajie kila kijito, hata kile kinachoamka msimu wa mvua tu. Kisha mdaini nakala ya ramani, ibandikwe ofisini kwa shefu kabla mvua hazijaanza.

Ndugu yenu wa Kimanga