Kichezeo kilichofungiwa kabatini ni cha nani?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, sahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, Ijumaa iliyopita, baada ya sala, mzee mmoja alinishika mkono akaniketisha barazani mwa msikiti. "Shekhe," alisema, "mwanangu amekuja likizo kutoka Uingereza na sanduku la kuchezea. Wajukuu wanalizunguka kama paka mbele ya samaki wa kukaanga, na baba yao amekataza lisifunguliwe. Nikimuuliza, hunijibu kuwa akiba haiozi. Je, hili ni jambo la dini, au ni ugomvi wa nyumbani tu?" Nilimwambia kuwa ni yote mawili, na nikamuahidi kuliandika.

Sanduku lenyewe ni la matofali ya plastiki ya LEGO, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1932 na seremala Ole Kirk Kristiansen katika mji wa Billund, Denmark. Jina hilo limetokana na maneno mawili ya Kidenishi yenye maana ya "cheza vizuri". Mwaka 2014 kampuni hiyo ilitoa nyumba ya familia ya katuni ya The Simpsons, ambayo ilianza kuwa kipindi kamili cha televisheni nchini Marekani mwezi Desemba 1989. Nyumba hiyo ina vipande 2,523 na sanamu ndogo 6 za watu, na huko Marekani ilitolewa kwa bei ya takriban dola 200. Sasa haitengenezwi tena. Hivyo wapo watu wazima wanaoitafuta kwa kukumbuka utoto wao, na wapo wanaoiweka bila kuifungua wakingoja bei ipande.

Kwanza tuseme wazi kwamba mchezo si haramu. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), naye akiwaruhusu wenzake waingie wacheze naye. Abu Daud amepokea kuwa Mtume alipomuona farasi mwenye mbawa katika vichezeo vyake alimuuliza, na jawabu lake likamchekesha. Nayo matofali humzoesha mtoto subira, hesabu na kumaliza kazi aliyoianza.

Pili, ni suala la sanamu. Wanazuoni walio wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Imamu Shafi, wamevitoa vichezeo vya watoto katika katazo la sanamu kwa sababu ya Hadithi hizo, na wakataja maslahi ya malezi yaliyomo. Tuizingatie sababu hiyo: ni mtoto na mchezo wake. Sanamu inapoondolewa mkononi mwa mtoto na kupangwa nyuma ya kioo ili mtu mzima aitazame, sababu hiyo haipo tena. Simhukumu mtu kwa kipande cha plastiki. Nasema tu kwamba kichezeo kilichotawanywa juu ya mkeka kina udhuru ulio wazi kuliko kile kilichotunzwa kabatini.

Tatu, ni suala la mali. Aliyenunua sanduku kwa nia ya kuliuza, hilo ni mali ya biashara. Mwaka ukitimia, na thamani yake pamoja na mali yake nyingine ya biashara na fedha zake ikifika nisabu, atatoa asilimia 2.5 ya bei ya soko ya siku hiyo, si ya bei aliyonunulia. Aliyenunua kwa kutumia nyumbani hana zaka juu yake. Lakini mtu hawezi kusema ni akiba mbele ya baba yake, kisha aseme ni kichezeo mbele ya mafakiri.

Katika mlango huo huo wa biashara kuna jambo jingine. Mwaka 2014 sanamu 16 za katuni hiyo ziliuzwa moja moja ndani ya vifuko vilivyofungwa, mnunuzi asijue anapata ipi. Imepokewa na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya gharar, yaani yenye kufichikana. Anayetetea atasema kuwa bei ni moja na sanamu ni za aina moja, hivyo kilichofichikana ni kidogo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mtoto anayenunua kifuko cha kumi akiwinda sanamu moja aliyoikosa, tunamzoesha nini kama si tabia ya bahati nasibu?

Nne, wazazi wasidhani kuwa kila katuni ni ya watoto. Baba wa familia ile, Homer, ni mpenzi wa bia, na mengi katika kipindi hicho ni dhihaka iliyotungwa kwa watu wazima. Hata hivyo, mara nyingi kipindi kinapoanza, familia ile hukimbilia kochi moja na kukaa pamoja. Huenda kijana wetu, aliyekitazama akiwa mwanafunzi peke yake ugenini, hakununua plastiki. Amenunua kumbukumbu ya kochi lile, na watoto wake wanamngoja mkekani.

Basi jawabu langu kwa mzee wangu ni hili. Mwambie mwanao kwa upole: ikiwa ni biashara, aitolee zaka na aiondoe mbele ya macho ya watoto. Ikiwa ni kichezeo, alifungue baada ya sala ya Alasiri na akae chini ajenge pamoja nao. Wala si lazima wajenge nyumba ile. Tofali halijui katuni, na wakitaka watajenga msikiti. Likizo itakwisha naye atarudi Uingereza. Akiba isiyooza ni siku hizo chache watakazomkumbuka nazo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kizazi chema na atuongoze katika mali zetu na malezi yetu. Amin. Wallahu aalam.