Barua kutoka Houston juu ya Staha ya Mfanyakazi

Ndugu zangu wa Tanga na Mombasa,

Nimeona ni wajibu wangu kuwaarifu habari ya kesi moja ya huku Marekani, kwani kila nisikiapo vijana wetu wanavyofanyiwa inda makazini, kesi hiyo hunijia moyoni.

Mwaka 1991 Joseph Oncale alikuwa kibarua katika jukwaa la kuchimbia mafuta, Ghuba ya Mexico, kwenye kikosi cha wanaume wanane. Na huko baharini wenziwe, wawili kati yao wakiwa na mamlaka juu yake, walimshika kwa nguvu, wakamdhalilisha kwa matendo ambayo kalamu yangu yaona haya kuyaeleza, wakamtishia kumnajisi. Alipowashitakia wakubwa, hapana aliyechukua hatua. Akaacha kazi, akaomba iandikwe katika karatasi yake kwamba ameondoka kwa sababu ya bughudha ya kijinsia na matusi. Ombi hilo naliona kubwa mno: aliyevunjiwa murua wake alitaka kwanza ukweli uandikwe.

Alipofungua kesi, mahakama za chini zilimjibu kuwa mwanamume hana dai la namna hiyo juu ya mwanamume mwenziwe, hata ilipofika tarehe 4 Machi 1998, Mahakama ya Juu, majaji wote kwa kauli moja na hukumu ikiandikwa na Jaji Antonin Scalia, ikaamua kwamba sheria ya 1964 ikatazayo ubaguzi kazini yamlinda yeye pia, na kwamba si lazima mwenye kubughudhi awe amesukumwa na ashiki. Hapo ndipo penye kiini. Ann Hopkins, ambaye kesi yake iliamuliwa na mahakama hiyohiyo mwaka 1989, hakutamaniwa na mtu. Alinyimwa ubia katika kampuni ya uhasibu ya Price Waterhouse, akashauriwa atembee kike zaidi, ajipambe na avae vito. Wote wawili waliadhibiwa na wenye nguvu kuliko wao.

Huko kwetu sheria zipo. Mwaka 2007 Kenya ilimlazimisha kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa tamko la kukataza bughudha ya kijinsia, na mwaka huohuo Tanzania ikaharimisha rushwa ya ngono. Lakini fikira zetu hukomea kwa binti na bosi wake, ilhali kijana mwenye sauti laini, aitwaye hanithi mbele ya wenziwe kutwa kucha, akilalamika huambiwa ni utani. Utani twaujua sisi: mtani hutania naye akataniwa, msimamizi aliyeshika riziki ya mtu, nani atamjibu?

Basi nawasihini, nyinyi mnaosimamia watu bandarini, viwandani na maofisini: akija kijana na shitaka lake, msimuulize kama yeye ni mwanamume kweli, wala msipeleleze ampendaye ni nani. Yaandikeni aliyoyasema kwa maneno yake mwenyewe, mtie tarehe na sahihi, kisha mwiteni aliyeshitakiwa ajibu.