Mlango una kazi mbili



Juma hili twakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulipita kila siku pasi na kulitazama, nalo ni mlango. Hatukusudii mlango wa elimu wala mlango wa kheri, bali mlango huu wa mbao au wa chuma ambao mama huufunga usiku na baba huufungua alfajiri akienda kuswali. Kitasa chake kikilegea, twasema kitatengenezwa. Bawaba zikilia, twazizoea. Mkono ukitoka, twachomeka kijiti maisha yakaendelea. Miezi hupita, kisha siku moja mlango hukataa: ama haufungiki wakati ambapo watu wataka kulala, ama haufunguki wakati ambapo mtu yumo ndani na ana haja ya kutoka.

Ndipo twasema kuwa mlango una kazi mbili, wala si moja. Ya kwanza ni kuzuia: kumzuia mwizi asiingie, kumzuia mpita njia asione ya ndani, na kuihifadhi sitara ya watu wa nyumba. Ya pili ni kuruhusu: aliye ndani aweze kutoka saa anayotaka kutoka, bila ya kutafuta nyundo wala kupiga mayowe. Wengi wetu hununua kitasa kwa kuifikiria ile kazi ya kwanza peke yake, na ile ya pili huikumbuka siku ya msiba.

Wazee wetu wa Lamu, Pate na Mombasa walitengeneza milango kwa mbao ngumu kama mbambakofi na msaji. Mbawa za milango ile hazikushikwa na bawaba za chuma, bali zilizunguka juu ya vigingi vilivyoingia katika matundu ya kizingiti, chini na juu. Kufunga kulikuwa kwa komeo la ndani, na kwa mnyororo na tumbuu nje. Chumvi ya bahari haikuwa na mengi ya kula pale. Sisi leo twatumia bawaba nyembamba za chuma, skrubu za chuma, na vitasa vyenye vipande vidogo vingi ndani. Hewa ya bahari hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu huzaa kutu. Kwa hiyo bawaba ambayo bara ingedumu miaka mingi, kwetu huanza kulia mapema. Na mvua za mwaka zikianza, mbao hunywa maji ikavimba, ukaona mlango uliokuwa ukifungika vizuri wakati wa kaskazi sasa wasukumwa kwa bega.

Basi mlango ukisumbua, ewe mama mwenye nyumba, usikimbilie kununua kitasa kipya. Anza kwa maswali matatu, na majibu yake hayahitaji fundi.

Swali la kwanza: mlango ukiwa wazi, je, ufunguo wazunguka vyema? Ikiwa wazunguka vyema mlango ukiwa wazi, na wakataa tu mlango ukifungwa, basi kitasa ni kizima. Kilichoharibika ni mkao wa mlango. Ubawa umeshuka au umevimba, na ulimi wa kitasa haulioni tena tundu lake katika mwimo. Vitasa vingi vimetupwa bure kwa kosa la bawaba. Shika mkono wa mlango uunyanyue juu kidogo; ukiona mlango wapanda na kushuka, skrubu za bawaba zimelegea.

Swali la pili: ikiwa ufunguo ni mgumu hata mlango ukiwa wazi, je, ule ufunguo wa akiba wafanya kazi? Ukifanya kazi, basi ufunguo wa kila siku umelika meno. Usichongeshe mwingine kwa kuufuata huo uliolika, kwani utarithi ugonjwa wake. Peleka ule wa akiba.

Swali la tatu: mkono ukiubonyeza, je, warudi juu wenyewe? Ukibaki umelala, springi ya ndani imekatika au imelegea. Ukizunguka bure bila ya kuvuta ulimi, tazama ile skrubu ndogo inayoubana mkono katika kile chuma cha pembe nne kipitacho katikati ya kitasa. Mara nyingi dawa ni kuikaza skrubu hiyo tu, kazi ya dakika moja.

Tukija kwenye tiba, skrubu za bawaba zilizolegea katika mbao zina dawa ya zamani na nzuri. Weka kabari chini ya mlango ili usishuke. Toa skrubu moja, ujaze tundu lake kwa njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa na kupakwa gundi ya mbao, uache ikauke, ukate zilizotokeza, kisha urudishe skrubu. Fanya hivyo moja baada ya moja, wala usizitoe zote kwa pamoja. Ikiwa mbao ya mwimo imeoza au imeliwa na mchwa, hapo mwite seremala, kwani njiti hazishiki katika unga.

Mlango uliovimba usiupige randa kwa hasira katikati ya mvua. Ukiukata sana, kaskazi ikija na mbao ikikauka, utabaki na mwanya unaoingiza mbu na macho ya watu. Punguza kidogo tu pale unapogusa. Kisha, siku za jua, upake rangi ukingo wa juu na wa chini wa ubawa. Mafundi wengi huziacha kingo hizo bila rangi kwa sababu hazionekani, na ndizo zinazonywa maji.

Ufunguo mgumu usiutie mafuta ya kupikia. Mafuta hayo huganda, yakakusanya vumbi na mchanga, na baada ya wiki chache hali huwa mbaya kuliko mwanzo. Chukua kalamu ya risasi, usugue meno ya ufunguo mpaka yawe meusi, uuingize na kuutoa mara kadhaa. Unga ule huteleza bila ya kunasa uchafu. Mafuta ya cherehani yafaa kwa bawaba: tone moja kila moja, kisha upanguse yaliyozidi.

Madirisha ya kuteleza ya alumini nayo yana ugonjwa wao. Kabla ya kulilaumu komeo, safisha ile reli ya chini kwa brashi, kwani mchanga na manyoya ya paka hujaa humo. Vigurudumu vilivyo chini ya dirisha vikilika, dirisha hushuka, na ndoana ya komeo hukosa mahali pake. Aghalabu kuna skrubu pembeni ya ubawa, karibu na chini, ambayo hupandisha na kushusha vigurudumu hivyo. Na kwa walio karibu na bahari twasisitiza: usitie skrubu ya chuma cha kawaida katika alumini. Madini haya mawili yakigusana penye unyevu wa chumvi, huharibiana. Uliza dukani skrubu zisizoshika kutu. Bei yake ni zaidi kidogo, lakini hutazinunua tena karibuni.

Wenye jamaa Uingereza huenda wamesikia habari za madirisha ya vioo viwili, vilivyofungwa pamoja na kuachiwa nafasi katikati ili kuzuia baridi. Huko, ukiunyanyua mkono wa mlango, makomeo kadhaa hujifunga kwa pamoja, juu, kati na chini. Kinachoharibika mara nyingi ni kisanduku kidogo cha katikati kinachoyaendesha makomeo hayo, au bawaba, na vyote vyaweza kubadilishwa bila ya kung'oa dirisha wala mlango mzima. Na ukungu ukionekana baina ya vioo viwili, huo ni ugonjwa wa kioo, kwani hewa ya nje imepata njia. Hauna uhusiano na kitasa. Somo ni lile lile la hapa kwetu: mjue aliye mgonjwa kabla ya kununua dawa.

Milango mingi mipya hapa pwani hutumia silinda, kile kipande kinachoingia ufunguo. Ukihamia nyumba mpya, au ukipoteza ufunguo pasipojulikana, huna haja ya kubadilisha kitasa chote. Katika ukingo wa mlango, chini ya ulimi, kuna skrubu moja ndefu inayoishika silinda. Itoe, uingize ufunguo na kuuzungusha kidogo tu, uivute silinda nayo itatoka. Ichukue hiyo hiyo hadi dukani upate ya kipimo chake, ukipima kutoka tundu la skrubu hadi kila mwisho, kwani pande mbili huenda zisilingane. Angalia pia isitokeze nje ya bamba zaidi ya milimita 3. Silinda iliyotokeza ni mkono aliopewa mwizi: huishika akaivunja katikati, pale penye tundu la skrubu, ambapo ndipo ilipo dhaifu.

Sasa twarudi kwenye ile kazi ya pili ya mlango, na hapa twaomba tusikizwe kwa makini. Nyumba zetu nyingi zina mageti ya chuma milangoni na vyuma madirishani. Usiku geti hutiwa kufuli, na ufunguo huwa chini ya mto wa baba, au katika mkoba wa mama, au haujulikani ulipo. Moto ukizuka jikoni usiku na umeme ukikatika, ni nani atakayeupata ufunguo huo gizani, katika moshi? Waliozoea kumwogopa mwizi husahau kwamba mwizi huchukua mali, lakini mlango usiofunguka huchukua roho.

Basi kila nyumba na iweke msumari mmoja karibu na mlango wa kutokea, mahali ambapo mkono wa aliye nje hauufikii, na ufunguo utundikwe hapo kila usiku. Kila mtu wa nyumba, hata mtoto anayeweza kuufikia na kuuzungusha, aujue na aufungue mwenyewe ukiwa gizani, kwa mazoezi. Kufuli lililoshika kutu, linalohitaji kutikiswa mara tatu ndipo likubali, libadilishwe leo. Na penye vyuma vya dirisha, mwombe fundi afanye angalau dirisha moja la chumba cha kulala lifunguke kutoka ndani.

Choo na hamamu navyo vina hukumu yao. Sitara yataka pafungike, na binti mkubwa ana haki ya kuoga bila ya hofu ya kufunguliwa. Lakini mtoto mdogo hujifungia, na bibi mzee huteleza. Kuna vitasa vya hamamu vyenye mfuo upande wa nje, unaozungushwa kwa sarafu. Hivyo ndivyo vifaavyo. Komeo zito la ndani likiwa hapo, mgonjwa atasubiri sakafuni mpaka mlango uvunjwe.

Limebaki suala linaloulizwa sana na wapangaji: kitasa kikiharibika, ni juu ya nani? Wanachuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wamelizungumza hili katika mlango wa ijara. Ni wajibu wa mwenye nyumba kumkabidhi mpangaji ufunguo, na matengenezo ya nyumba ni juu yake. Asipotengeneza, mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Ufunguo ule ni amana mkononi mwa mpangaji: ukipotea bila ya uzembe, kuufanya mwingine ni juu ya mwenye nyumba, na ukipotea kwa uzembe, mpangaji hulipa. Wametofautisha hata baina ya kitasa kilichopigiliwa mlangoni na kufuli la kutundika: la kutundika ni kitu cha kubebeka, kwa hiyo mpangaji hana haki ya kulidai. Twapenda wenye nyumba walisome hili kabla ya kumwambia mjane kuwa bawaba iliyoliwa na kutu ni shauri lake. Nanyi wapangaji, tazameni mliyoyatia saini katika mkataba, toeni habari mapema na kwa maandishi, wala msikate kodi kwa hasira kabla ya kusikizana.

Na mkimwita fundi, awepo mtu mzima wa nyumbani wakati wa kazi, na mwanamke asibaki na mgeni peke yake. Hesabuni funguo anapoingia na anapotoka. Fundi mwaminifu haudhiki kwa hilo, bali hulipenda, kwa kuwa lamlinda yeye na dhana mbaya.

Twawapa kazi ndogo ya juma hili. Jumamosi baada ya chai, mzunguke nyumba nzima pamoja na watoto. Kila mlango na kila dirisha lifungwe na kufunguliwa mara mbili, mara ya pili kwa macho yaliyofumbwa. Mtakachokikuta kigumu, kiandikeni katika karatasi, muanze na kile kilicho kwenye njia ya kutokea. Mengine yaweza kungoja mshahara, hicho kisingoje.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zenu na waliomo ndani yake. Wassalamu alaykum warahmatullah.