Daftari la Shule na Maradhi ya Mji

Wako walimu wenzetu wasemao ya kuwa kazi ya daftari ni kuonyesha nani yupo na nani hayupo, basi. Sababu ya kutokuwapo ni shauri la mzazi na daktari. Neno hili twalikataa.

Desemba 1921, katika mji wa Hagerstown, jimbo la Maryland huko Marekani, Idara ya Afya ya serikali ilianza kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Edgar Sydenstricker, mtu wa hesabu wala si mganga, alitaka kujua watu huugua nini hasa. Kila baada ya majuma 6 hadi 8 wajumbe walirudi kuuliza: tangu tulipokuja, nani ameugua, na ugonjwa gani? Kazi ikaendelea hata Machi 1924. Ikaonekana kwamba kwa kila watu 1,000 magonjwa yalikuwa 1,081 kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni ya njia ya pumzi, mafua na kikohozi na mfano wake. Nani angeyajua haya kwa kuhesabu makaburi? Mafua hulaza mji mzima siku tatu, wala hayaandikwi popote, kwa kuwa hayakuua.

Na shuleni je? Katika mji ule ule walimu waliandika siku ambazo mtoto hakuja kwa ajili ya ugonjwa, na Selwyn Collins wa idara ile akazifanyia hesabu. Hawakuwa waganga wale. Walikuwa watu wa chaki kama sisi. Basi wenzetu watuambie, kalamu zao zilikuwa za namna gani hata zetu zisiweze?

Lakini kazi ile ina ila, tena kubwa. Nyumba zilizotembelewa zilikuwa za Wazungu. Watu weusi wa mji ule hawakuandikwa. Je, surua ilichagua mlango? Aliyeachwa nje ya daftari alikuwa kama hakuugua. Nasi tuandikapo “hayupo” tu, twawatenda vivyo hivyo watoto wetu wenyewe, bila hata kulazimishwa na mtu.

Twasikia pia kwamba mwalimu hana nafasi. Neno moja kando ya jina, homa, surua, kuhara, kifaduro, laandikwa kwa muda gani? Watoto watano wa mtaa mmoja wakikosa Jumatatu kwa kifaduro, daktari ataka kujua Jumatatu ile ile, si mwisho wa mwezi tupelekapo hesabu ya mahudhurio.