Mwani ukae pembeni, samaki wabaki na maji safi



Juma hili tunajibu swali lililotoka kwenye kikao chetu cha Jumamosi. Mwenzetu mmoja ameweka akwariamu ndogo nyumbani, ya maji bidoni mbili, yaani lita 40. Alitaka watoto wakitoka masomo wapate kitu cha kuwashika ndani ya lupango, wasifuate wenzao kwenye mashimo. Watoto wameipenda. Lakini kila baada ya siku chache kioo kinageuka kijani, na anayekisugua ni mama peke yake. Akatuuliza kama hakuna njia ya kumpumzisha.

Njia ipo, na tunaweza kuitengeneza wenyewe. Ule utelezi wa kijani ni mwani. Chakula chake ni mavi ya samaki na mabaki ya chakula chao, na unahitaji mwanga. Tukiusugua kwenye kioo na kuuacha humohumo, chakula chake kinabaki majini, kwa hiyo unarudi. Walter Adey, mwanasayansi wa taasisi ya Smithsonian huko Washington, Marekani, aliamua kuutumia mwani wenyewe kama mfanyakazi. Aliuoteshea mahali pengine, penye mwanga mwingi kuliko ndani ya akwariamu, ule uchafu huko, kisha akauvuna. Chombo chake kilipata hataza mwaka 1982. Sisi tutakiita kichujio cha mwani.

Mpango wetu ni huu.

Wavu kwanza. Tunatafuta kipande cha wavu mgumu wa plastiki, tukikwaruze kwa msumeno mpaka kiwe na miba midogo, maana mwani haushiki vizuri pahali laini. Tusitumie kitambaa, kitaoza. Kipimo ni kama sentimita 2 za mraba kwa kila lita ya maji. Kwa lita 40 zinatosha 80. Tutakata 10 kwa 10, tubaki na ziada.

Pili, maji. Tiyo ya plastiki inapasuliwa ufa mwembamba wa milimita 3, wavu unaingizwa hapo na kuning'inia juu ya akwariamu. Pampu ndogo inapandisha maji, nayo yanateremka juu ya wavu na kurudi kwa samaki. Kila sentimita moja ya upana inataka kama lita 50 kwa saa, kwa hiyo pampu yetu iwe ya lita 500 kwa saa. Kumwaga kwa kikombe hakuwezi kufika hapo.

Tatu, mwanga. Taa iangaze wavu, akwariamu yenyewe ibaki kivulini. Tukikosea hapo, mwani utachagua kioo tena. Waya wa umeme uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme. Hilo tulikague sisi watu wazima, tusimwachie mtoto. Umeme ukikatika, tuumwagie wavu maji ya akwariamu mara kwa mara. Mwani ukikauka unakufa, na uchafu uliokuwa umeula unarudi majini.

Nne, mavuno. Majuma ya kwanza utaona rangi ya kahawia, baadaye kijani. Kila siku 7 hivi tunautoa wavu, tunaukwangua, tunaacha tabaka jembamba liendelee kuota. Na tusiwashibishe samaki kupita kiasi. Chakula kikizidi, hakuna wavu utakaotosha.

Tulipokwenda kupima akwariamu tukakuta jambo ambalo hatukulitegemea. Chini, watoto walikuwa wamepanga vijiwe vizuri vya kijani walivyookota njiani. Sote tunavijua, ni malakiti, ndani yake mna shaba. Shaba kidogo tu ikiyeyuka majini inaumiza samaki na konokono, na inaua hata mwani. Ndiyo maana wafugaji wa samaki mahali pengi hutumia dawa ya shaba kuua mwani. Visamaki viwili vilikuwa vimekufa, tukawa tunalaumu chakula. Hatuwezi kuapa kwamba ni mawe, lakini tuliyatoa siku ileile na kubadilisha maji kidogo kidogo. Kwa sababu hiyohiyo, kichujio chetu kisiwe na waya wala tiyo ya shaba.

Halafu tukajiuliza mwani tutakaovuna utakwenda wapi. Kwingine watu wanauweka bustanini kama mbolea. Hapa kwetu hapana. Mwani unaokusanya uchafu wa samaki unakusanya pia madini yaliyomo majini, na Kasulo, tangu mashimo yalipochimbwa katikati ya nyumba mwaka 2014, vumbi linaingia kila mahali. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba watu wanaoishi hapa penye mashimo walikuwa na kobalti nyingi zaidi kwenye mkojo na damu kuliko majirani wa mtaa usiochimbwa, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Kwa hiyo mwani huu tusiwape kuku, wala tusiuweke kwenye lengalenga. Tuufukie mbali na bustani na kisima. Samaki hao nao ni wa kutazamwa, wasiingie chunguni.

Jumamosi tuanze. Mwenye kipande cha wavu akilete, mwenye msumeno aje nao. Watoto watapima na kukata tiyo, nasi tutashika umeme. Na kila mtoto, kabla ya kugusa maji, aonyeshe mifuko yake. Kijiwe cha kijani kikionekana, kinabaki nje, naye ananawa mikono kwa sabuni. Kama kijiwe kile kinaweza kuua samaki, hakina kazi kwenye mkono unaokwenda mdomoni.