Siku tano za kimya

Dada yangu yuko Maskati mwaka wa tisa sasa. Kila baada ya sala ya Alfajiri humpelekea mama ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, na mama, ambaye hajui kusoma, huusikiliza huku akianika karafuu uani kwetu Konde, Pemba. Tarehe 30 Oktoba 2025, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, ujumbe haukuingia. Intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima, ikakaa hivyo kama siku tano.

Huko Maskati dada alikwishasikia kwamba Dar es Salaam kuna amri ya kutotoka nje usiku na kwamba watu wamepigwa risasi. Habari za Pemba hakuwa nazo. Mtu mmoja akamwambia Konde inaungua. Siku ya tatu simu ya kawaida ilipompata mama, dada alilia hata kabla ya kusalimu. "Mwanangu, sote tu wazima," mama alimjibu.

Hofu ya dada ina asili. Januari 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji hapa Pemba, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Mjomba wetu alikuwa miongoni mwao. Tulikaa wiki mbili hatujui kama yu hai, kwa kuwa hatukuwa na simu. Safari hii simu tulikuwa nazo mkononi, tukarudishwa kule kule.

Wanaotetea kuzima intaneti husema uvumi unaua. Nakubali. Lakini uvumi huzimwa kwa habari ya kweli. Ukimfunga mama mdomo asiseme "tu wazima", anayebaki kusema ni mzushi.

Wala kubana mtandao hakukuanza na uchaguzi huo. Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa wakati wa uchaguzi. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikawataka wanaotumia VPN, programu za kukwepa vizuizi vya mtandao, wajisajili. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Tumezoeshwa kidogo kidogo.

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa, na haki ya kupewa taarifa za matukio muhimu. Machi 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilizitaka nchi zisizime intaneti wakati wa uchaguzi. Mwaka 2020 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika Magharibi, iliamua kwamba Togo ilivunja haki za watu kwa kuizima mwaka 2017, tena bila sheria ya kuiruhusu.

Simu ni jambo la Muungano, kwa hiyo nasema na wabunge wetu. Tungeni sheria kwamba intaneti haizimwi bila amri ya mahakama, iliyotangazwa hadharani, yenye sababu na siku ya mwisho. Aliyevunja sheria na akamatwe yeye, ashitakiwe yeye. Mama yangu hakuwa na kesi, naye alihukumiwa siku tano.